Milimita Tisa

Chema chajiuza, walisema wahenga,
ila hawakuwahi kukaa na Ludomir
ghorofa ya nne, mjini Tarnów, Novemba,
mvua ya barafu ikigonga dirisha
na chupa sita za jamu ya plamu zimepangwa mezani
kama watuhumiwa.

"Sukari imepanda," akasema. "Kioo kimepanda.
Bei haipandi. Mteja ana macho ya bei."
Akaipindua chupa moja kichwa chini,
akaisugua kwa kidole gumba pale kitakoni.
"Hapa," akasema, "mteja hana macho."

Nikachora.
Miaka kumi na tisa nachora sura za vyakula.
Nimemnenepesha ng'ombe wa siagi,
nimemvua kofia mwokaji wa biskuti,
nimegombana wiki mbili juu ya wekundu wa nyanya.
Najua jicho la mama mwenye mtoto ndani ya toroli
hutua wapi kwenye rafu, na kwa sekunde ngapi.
Najua dhahabu husema sikukuu
hata kama ndani ni maji na wanga.
Kitako nilikuwa sijawahi kukichora.

Nikakibonyeza kwa ndani, kuba ndogo ya kioo,
milimita tisa.
Mabega yakabaki yale yale, kimo kile kile,
lebo ile ile na tawi lake la plamu,
"Tangu 1931", na sahihi ya mwanzilishi
(niliiandika mimi, Jumatatu moja, kwa mkono wa kushoto).
Gramu mia mbili tisini zikawa mia mbili sabini,
nasi hatukuficha, tukaandika,
kwa tarakimu ndogo kuliko zote zinazoruhusiwa na sheria.

Haba na haba hujaza kibaba.
Na hukipunguza.
Chupa milioni mbili: tani arobaini za jamu,
na hakuna aliyeziona zikiondoka.
Tulinunuliwa keki. Ludomir alitamka "ustadi" mara tatu.

Ikaja Alhamisi Nene, ile ya kabla ya Kwaresima,
siku ambayo kwetu hata mgonjwa hula andazi.
Shangazi Bronka hukaanga kumi na sita.
Chupa moja, kijiko kimoja kila tumbo,
na la mwisho likijaa, chupa imekwisha.
Ndivyo ilivyo tangu mumewe yu hai,
tangu enzi za foleni na kuponi za nyama.
Hana mizani. Mizani ni mkono.

Nilikuwa naosha bakuli niliposikia amenyamaza.
Chupa tupu. Andazi la kumi na sita kiganjani,
limeshatobolewa, linasubiri.
Akakwangua. Akaiinua chupa kwenye taa,
akaichungulia kwa jicho lake zima,
kisha akaitazama lebo, lile tawi, ile sahihi,
kama mtu anayemwomba radhi jirani
kwa kumshuku.

"Jagna," akasema, "mkono wangu umeanza kuzeeka.
Siku hizi najaza kupita kiasi."

Nilikuwa na neno. Halikuwa refu.
Bomba la maji ya moto lilikuwa wazi,
nikaliacha wazi.

Akayapanga yote kwenye sahani ya maua,
akanyunyiza sukari ya unga kama theluji juu ya mapaa,
na matundu yakafutika.
Mimi, fundi wa sura, sikuweza kulitambua lile moja.

Wajukuu walikuwa wanavua viatu mlangoni,
Gniewko mdogo akishangilia kwa soksi moja.
Nikaanza kuyainua, moja moja,
nikijifanya nachagua,
nikitafuta kwa vidole
gramu ishirini ambazo hazimo.

"Chukua lolote," akasema shangazi,
akinipiga kofi jepesi la mkono.
"Yote ni sawa."